Kilichotoka Motoni

Novemba mwaka 1665, tauni ikiwa bado haijawaachia watu wa London, Lady Batten alikuwa akipita kwenye kichochoro chenye tope. Mumewe, Sir William Batten, alikuwa mmoja wa wakubwa wa ofisi ya manowari za mfalme, na siku hiyo mama huyo alikuwa amevaa viatu vyeupe vipya kabisa. Ili visichafuke, juu yake alivalia galoshi, yaani viatu vya kukingia viatu. Galoshi moja ikanasa topeni, ikagoma kutoka. Mama wa watu akalazimika kurudi nyumbani na ile iliyobaki, hasira zimempanda kweli kweli. Kisa hiki kimesalia kwa sababu Samuel Pepys, aliyefanya kazi ofisi hiyo hiyo, alikiandika kwenye shajara yake, na Pepys aliandika kila kitu, hata yale ambayo mtu mwenye busara angeyanyamazia.

Viatu vile Pepys aliviita "spick and span". Mwingereza wa leo akisikia maneno hayo anafikiria usafi: sebule imefagiwa, vyombo vimepangwa, sare imepigwa pasi. Enzi za Pepys maana ilikuwa upya, tena upya wa kupindukia. "Spick" ni msumari. "Span" ni kibanzi cha mbao, neno lililoletwa Uingereza na Waskandinavia, ambao kwao kitu "spán-nýr" kilikuwa kipya kama kibanzi kilichoruka sasa hivi kutoka kwenye shoka. Fundi wa majahazi wa Nungwi au Lamu hahitaji kuchorewa picha. Chombo kikiwa bado kimeegemezwa mchangani, misumari inang'aa na vibanzi vimetapakaa chini, hapo ndipo kilipo kipya. Kikishashushwa majini, hesabu nyingine inaanza.

Neno linalotawala leo ni "brand-new". Ndilo linaloandikwa kwenye matangazo ya magari na simu kutoka Nairobi hadi Dubai, na limeingia katika mazungumzo ya Kiswahili bila kubisha hodi. Nalo limetoka karakana, ila lenyewe limepita kwa mhunzi. "Brand" katika Kiingereza cha kale ni moto, au kijinga cha moto, ule ukuni unaowaka upande mmoja. Kwa hiyo kitu "brand-new" ni kitu kilichochomolewa motoni sasa hivi, chuma ambacho mhunzi hajakiweka hata chini. Neno linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 16, na lilikuwa na ndugu yake, "fire-new", ambaye asili yake ilikuwa wazi zaidi: mpya wa moto.

Shakespeare alimpenda huyo ndugu. Katika "Twelfth Night" alimtumia kwa mizaha iliyotoka moja kwa moja kwenye kiwanda cha kufua sarafu. Katika "Love's Labour's Lost" alimtumia kwa Mhispania mmoja mpenda makuu ambaye maneno yake yote ni ya kisasa mno. Mahali palipokolea zaidi ni "Richard III": Malkia Margaret, mjane aliyepoteza kila kitu isipokuwa ulimi, anamsimanga bwana mmoja mdogo aliyepewa cheo juzi juzi. Anamwambia kwamba heshima yake ni muhuri uliogongwa motoni sasa hivi, na hata haijaanza kupokelewa sokoni. Upya hapo ni tusi. Sarafu inang'aa, lakini nani ameipima?

Waingereza hawako peke yao kwenye njia hii. Mfaransa husema "flambant neuf", kipya kinachowaka miali. Mhispania huona tabu kurefusha, akasema "flamante" tu, na kila mtu akaelewa. Mwitaliano ana "nuovo di zecca", kipya cha kiwanda cha sarafu, karibu sawa kabisa na ule mzaha wa Shakespeare. Mjerumani ana msumari, "nagelneu", na akitaka kutia chumvi anauongezea kumeta: "funkelnagelneu". Mholanzi amekusanya msumari na kibanzi katika neno moja refu, "spiksplinternieuw". Mreno ndiye aliyechepuka kidogo, kwani kwake kitu kipya ni "novinho em folha", kipya kama karatasi ambayo haijakunjwa. Kiswahili kimeuweka moto wake kwenye habari. Habari motomoto ni ile ambayo mtaa wa pili bado hawajaisikia.

Kisha ikatokea ajali ya matamshi. Herufi "d" iliyobanwa kati ya "n" mbili haina pa kupumulia, ikamezwa, na watu wengi wakawa wanasema na hata kuandika "bran-new". Sasa "bran" kwa Kiingereza ni pumba. Mtu aliyezaliwa mbali na tanuri la mhunzi akijiuliza pumba zinahusianaje na kitu kipya, atakosaje jibu? Likapatikana. Vyombo vya kioo na vya udongo, wakasema, vilikuwa vikifungashwa ndani ya pumba visivunjike safarini, kwa hiyo kitu kipya ni kile ambacho bado kina pumba. Maelezo matamu, lakini ya kubuni. Neno lilianza na moto. Hata hivyo kosa hilo lina siri ndani yake, kwa kuwa linaonyesha jinsi watu walivyokuwa wameanza kukutana na vitu vipya. Mnunuzi wa zamani alisimama mlangoni kwa fundi akaona cheche. Mnunuzi aliyemfuata alifungua kasha.

Charles Dickens alikuwa bado anaandika "bran-new" bila "d" katika riwaya yake ya "Our Mutual Friend", iliyotoka kwa mfululizo kati ya mwaka 1864 na 1865. Humo anatuletea familia ya Veneering, matajiri wa juzi wanaoishi katika nyumba mpya, mtaa mpya wa London. Dickens anaorodhesha mali zao kwa uchokozi: samani mpya, watumishi wapya, gari jipya, farasi wapya, marafiki wapya, hata mtoto mchanga naye mpya. Jina lao lenyewe ni la kiseremala, maana yake ule ubao mwembamba wa thamani unaobandikwa juu ya mbao za kawaida ili kabati lionekane la mpingo. Halafu anasogea karibu. Meza na viti vyao, na wao wenyewe pia, bado vinanuka karakana kidogo, na ukivigusa vinanata. Vanishi haijakauka. Ni matusi yale yale ya Malkia Margaret, safari hii yamepakwa rangi na kung'arishwa.

Leo Mwingereza wa kawaida akiulizwa "brand" hiyo ni ipi, mara nyingi hajibu moto wala pumba. Anajibu chapa, yaani jina la kampuni. Na hilo nalo lina undugu na moto, kwa njia ya kuzunguka. Chuma kilichopashwa hadi kuwa chekundu kiligongwa kwenye ngozi ya ng'ombe na kwenye mapipa, kikaacha alama ya mwenye mali. Alama ya mwenye mali ikawa alama ya mwenye kiwanda, na mwisho ikawa jina linalouzwa kwa bei kubwa kuliko kitu chenyewe. Wafugaji wa Tanzania wanaijua safari hiyo vizuri. Mwaka 2017, serikali ilipowataka wapige chapa mifugo yao, neno walilolisikia ni lile lile ambalo mwenye duka la viatu hutumia akisifia chapa ya kiatu, na harufu ya nywele za ng'ombe zinazoungua ilikuwa haina uhusiano wowote na viatu.

Sasa tuje kwenye matumizi, maana hapa wengi huteleza.

"Brand-new" si sawa na "recent". "Recent" hupima tarehe: uchaguzi wa juzi, mvua za wiki iliyopita, barua iliyofika mwezi huu. "Brand-new" haina kalenda. Linachouliza ni kama kitu kimeshatumika. Jiko lililotengenezwa asubuhi na kupikiwa ubwabwa mchana si "brand-new" tena jioni. Jiko lililokaa ghalani miaka 20 ndani ya boksi lake linaweza kabisa kuwa "brand-new", na wafanyabiashara wa vipuri vya magari ya zamani wanaishi kwa tofauti hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo neno halikubali kuongezwa wala kupunguzwa. Mtu hasemi kwa Kiingereza kizuri kwamba gari hili ni "very brand-new", kama vile kwa Kiswahili mtu hasemi kwamba chungu hiki ni kitupu zaidi ya kile kitupu. Kimetumika au hakijatumika, basi.

Ni neno la mdomoni zaidi kuliko la ofisini. Mwanasheria akiandika mkataba atapendelea kusema kwamba kifaa hakijatumika. Anayepiga porojo, anayetangaza biashara na anayeimba ndio wenye "brand-new". James Brown alilipandisha kwenye jina la wimbo wake wa mwaka 1965, "Papa's Got a Brand New Bag", na mfuko anaoutaja haubebi kitu, ni mtindo: mzee ameingia uwanjani na kucheza dansi za vijana. Akitaka mzaha zaidi, Mwingereza au Mmarekani hupachika "spanking" katikati, "brand-spanking-new", na hapo hata kama anazungumzia ndoo ya plastiki utamwona anatabasamu. Hulitumia hata kwa watu, kwa mwalimu ambaye ndio kwanza ameripoti au mtoto aliyezaliwa alfajiri. Kiswahili hapo kinajitegemea vizuri tu, kwa kuwa "ndio kwanza" inafanya kazi yote bila kumgeuza mwalimu kuwa bidhaa.

Lipo neno jingine la Kiingereza katika ukoo huu ambalo lina hasira. "Newfangled" hutumiwa na mtu anayetazama kitu kipya kwa jicho la pembeni: mashine ya kulipia isiyo na mtu, simu isiyo na kitufe, mtaala uliobadilishwa kabla wa zamani haujazoeleka. Asili yake ni kitenzi cha kale chenye maana ya kukamata, na hapo mwanzo halikuelezea vitu hata kidogo. Lilielezea watu, wale ambao mkono wao haukosi kurukia kipya. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, analitumia kwenye hadithi ya kozi jike anayemlilia mumewe. Dume lile liliapa kila kiapo, kisha likaona ndege mwingine wa hadhi ya chini, likaenda zake. Chaucer anawafananisha wanaume wa namna hiyo na ndege wa tunduni anayelishwa vizuri, maziwa na asali havikauki, lakini mlango ukifunguliwa tu anakimbilia porini kula wadudu. Mswahili atakuwa ameshatikisa kichwa hapo. Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Na aliyeachwa ataambiwa na majirani kwamba alikuwa mbachao, na yule mwingine ni msala upitao.

Afrika Mashariki neno "brand-new" limefika katika soko la namna yake. Magari mengi yanayosajiliwa kwa mara ya kwanza hapa yameshaendeshwa Japani kwa miaka kadhaa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka, na Uganda tangu mwaka 2018 imeweka mpaka wake kwenye miaka 15. Kwa hiyo gari lenye miaka 7 likishuka bandarini Mombasa, likioshwa na kupewa namba, jirani atakuja kumpongeza mwenyewe kwa gari jipya, na hatakuwa amekosea. Limekuwa jipya hapa. Muuza magari wa Nairobi analazimika kuwa na ngazi tatu: lililotumika nchini, lililotumika nje, na "brand-new" lenyewe, ambalo wengi huliona kwenye kioo cha duka wakiwa ndani ya matatu.

Tanzania wamepata kipimo chao. Namba za magari huanza na herufi T, zikafuata tarakimu tatu, kisha herufi tatu, na ile ya kwanza kati ya hizo tatu za mwisho imekuwa cheti cha kuzaliwa. Watu husema "namba D" au "namba E", na mtu akitangaza kwamba anauza namba E bei hupanda kabla hajataja injini. Kiwandani gari linaweza kuwa la mwaka 2011. Barabarani Dar es Salaam ni la mwaka huu. Kama Lady Batten angekuwa anaishi Sinza, shida yake isingekuwa kiatu tu, ingekuwa namba.

Kipimo kingine ni nailoni. Pikipiki ya bodaboda iliyotoka dukani hubaki na nailoni kwenye siti mpaka jua liipasue yenyewe. Makochi ya sebuleni hukaa na nailoni miaka, na mgeni mwenye suruali fupi akiinuka anasikika hadi jikoni. Friji ina stika yake ya rangi mlangoni, ile inayoonyesha matumizi ya umeme, na ole wake mtoto atakayeibandua. Hizi ndizo pumba za siku zetu. Wale waliosema kitu kipya ni kile chenye mabaki ya kifungashio walikosea historia ya neno, lakini kwa tabia za watu walilenga vizuri.

Mitumba nayo imevuruga hesabu kabisa. Belo likifunguliwa katika soko la Gikomba, Nairobi, nguo za kwanza, zile ambazo wenye macho makali huzinyakua kabla wengine hawajasogea, huitwa kamera. Zinazobaki mwisho ni fagia, na jina linajitosheleza. Ndani ya kamera hutokea shati lenye lebo ya dukani bado imening'inia, na bei ya huko ughaibuni juu yake. Halijawahi kuvaliwa na mtu. Ni mtumba, na ni "brand-new", vyote kwa pamoja, na hakuna kamusi ya Kiingereza iliyojiandaa kwa hilo.

Mahali ambapo mchezo huu wa upya unagusa roho za watu ni kwenye matairi. Mnunuzi akiingia dukani huangalia vile vinywele vya mpira vinavyochomoza juu ya tairi, na akivikuta vyote vipo anaridhika kwamba tairi halijakanyaga lami. Yuko sahihi. Vinywele hivyo huzaliwa kiwandani: mpira unapikwa kwa joto kali ndani ya kalibu, unasukumwa hadi kwenye vitundu vya kutolea hewa, na tairi likitolewa unabaki umechomoza. Ni alama ya karakana, sawa na kile kibanzi cha Waskandinavia, na tairi hilo ni "brand-new" kwa maana ya asili kabisa, limetoka motoni. Lakini mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Joto, hewa na mwanga huukausha, nyufa ndogo ndogo zikaanza ubavuni, na siku ya safari ya mbali ndipo linapochanika. Kampuni ya Michelin hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 10 tangu litengenezwe, hata kama kwa macho linaonekana zima.

Tarehe hiyo imeandikwa. Ubavuni mwa tairi kuna mfululizo wa herufi na tarakimu unaoanza na DOT, na mwishoni mwake, kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, kuna tarakimu nne zilizozungushiwa umbo la yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, vinywele viwepo visiwepo. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo zisipoonekana kwa nje, muuzaji aombwe aligeuze.